Michezo ya Vita ya Kompyuta: Jeshi Lisilo na Wapagazi

Jumapili moja nilikaa nyuma ya mpwa wangu, sebuleni kwetu Ilala, nikimtazama akicheza Age of Empires II kwenye kompyuta mpakato ya mtumba. Alianza na wafanyakazi watatu na mpanda farasi mmoja wa doria. Saa moja haikuisha, tayari alikuwa na jeshi la watu zaidi ya mia limesimama kando ya msitu likingoja amri. Umeme ulikatika, feni ikanyamaza, betri ikapokea, naye akaendelea bila kuinua macho. "Subiri, mjomba, uone wanavyoingia," alisema. Nikamuuliza hao askari wanakula nini pale msituni. Alicheka, akanieleza kwamba askari hulipiwa chakula mara moja tu, siku anapotengenezwa, na baada ya hapo hadai tena mpaka anauawa.

Nimelifikiria sana jibu hilo, kwa sababu uzuri wa michezo hii na kasoro yake kubwa vyote vimo ndani yake.

Tuanze na uzuri, maana upo, na wazazi wengi hawauoni. Katika mchezo huo, uliotoka mwaka 1999, mfanyakazi mmoja hugharimu chakula 50, na idadi ya watu kwa kawaida haivuki 200, wakulima na wapiganaji wakihesabiwa pamoja. Maana yake ni kwamba kila mkulima unayemwongeza anakalia nafasi ya askari, na kila askari unayemharakisha anakunyima mkata kuni ambaye angekujengea kambi nyingine baadaye. Mwenye duka Kariakoo anaijua hesabu hii vizuri: fedha iliyolala kwenye mzigo usiotoka haiwezi kununua mzigo unaotoka. Hata bao letu linaifundisha, na si bure kwamba hatua yake ya pili, baada ya kete za kunamua, yaani zile za mkononi zinazoingizwa moja moja, kwisha, inaitwa mtaji. Tofauti ni kwamba kwenye bao kete zote 64 zipo mezani kwa wachezaji wawili na kwa watazamaji wenye midomo, ilhali kwenye kompyuta ramani imefunikwa giza, na mchezaji hulazimika kuamua kabla hajajua adui ana nini. Kuamua katika hali hiyo, na kukubali hasara ya uamuzi wako mwenyewe, ni zoezi ambalo sijaliona likifanywa vizuri darasani.

Faida nyingine ni ya historia. Katika Europa Universalis IV ya mwaka 2013 mchezaji anaweza kuichukua Kilwa kabla Wareno hawajafika, akajaribu kuilinda isipate yale yaliyoipata mwaka 1505, meli za Francisco de Almeida zilipoushambulia na kuupora mji. Kijana anayefanya hivyo hujikuta anauliza maswali ya maana: dhahabu ya Sofala, kwenye pwani ya Msumbiji, ilipitia wapi, na kwa nini mji uliotajirika kwa biashara haukuwa na meli za kivita za kuzuia uvamizi. Lakini mchezo huohuo ulikuwa na upendeleo wa ajabu, kwani hadi mwaka 2016 dola za Kiafrika zililipa gharama kubwa zaidi kupata teknolojia kwa sababu tu zimewekwa katika kundi la Afrika. Sheria hiyo ilibadilishwa, ingawa Mwamko wa Sanaa na Elimu (Renaissance), ambao usipokufikia teknolojia hukugharimu zaidi, bado huanzia Italia na wengine husubiri uwafikie. Anayecheza bila kujua hili atadhani ameiona historia, kumbe ameiona kanuni iliyoandikwa na mtu ofisini.

Lawama kwamba michezo hii inafundisha ukatili siipi uzito mkubwa. Inaifaa zaidi michezo ya kufyatua risasi. Lawama ya muda ni ya kweli, na yeyote aliyewahi kujiambia "zamu moja tu" mbele ya Civilization halafu akasikia adhana ya alfajiri hahitaji ushahidi wangu. Ipo pia kasoro ya kitaalamu: katika ngazi ngumu kabisa za Civilization, kompyuta haifikiri vizuri zaidi, bali hupewa nyongeza ya kuanzia ambayo mchezaji hana.

Kinachonisumbua zaidi ni wale wapiganaji wasiokula. Sisi tunaishi katika mji ambao soko lake kuu limebeba jina la Kikosi cha Wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, ambalo ndimi zetu zililigeuza kuwa Kariakoo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia mamia ya maelfu ya Waafrika walibeba mizigo ya majeshi katika eneo hili, na makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi. Maandishi kwenye Sanamu ya Askari pale mjini yanawataja kuwa ndio miguu na mikono ya jeshi. Kwenye skrini ya mpwa wangu jeshi halina miguu wala mikono ya namna hiyo. Halina hata nyuki, ambao mwaka 1914 kule Tanga waliwavamia wanajeshi katikati ya mapigano, ambayo wavamizi wa upande wa Waingereza wapatao 8,000 waliyapoteza mbele ya jeshi la Wajerumani lililokuwa dogo mno kuliko wao.

Watetezi watanijibu kwamba ipo michezo inayojali ugavi, na wana haki: Hearts of Iron IV, hasa tangu mabadiliko ya mwaka 2021, humdhoofisha mchezaji anayelipeleka jeshi mbali na reli. Watasema pia kwamba mchezo unaohesabu kila gunia hautachezwa na mtu. Hoja ya kwanza naikubali. Ya pili naitilia shaka, kwa sababu hesabu ya mpagazi ni fumbo gumu na tamu kuliko mashambulizi mengi niliyoyaona.

Nilimpa mpwa wangu fumbo hilo jioni ileile, umeme ukiwa bado haujarudi. Mpagazi amebeba kilo 25 za unga, anakula kilo moja kwa siku kutoka katika mzigo huohuo, na lazima arudi alikotoka; je, unga utafika umbali gani? Alifunga kompyuta, akachukua kalamu, akaandika nyuma ya risiti ya duka. Baada ya muda akasema, "Mjomba, akifika siku ya kumi na tatu hana cha kumpa askari, na kurudi nyumbani hatoboi." Kisha akauliza kama mtu anaweza kuweka ghala siku ya tano.