Koleji ipi Oxford au Cambridge? Hesabu ya wiki 28

Mwanafunzi anayeomba nafasi Oxford au Cambridge (kimoja tu, kwa kuwa utaratibu haumruhusu kuomba vyote viwili katika mwaka mmoja) hukutana kwenye fomu na kisanduku kidogo kinachomtaka ataje koleji, yaani moja ya jumuiya zinazounda chuo kikuu, ambamo wanafunzi huishi, hula na kufundishwa. Akiwa na chaguo lake ataandika alama ya koleji hiyo. Asipokuwa nalo ataandika 9, na kompyuta itampangia koleji ambayo haijapata waombaji wengi wa somo lake. Fomu inapaswa kufika ifikapo 15 Oktoba, na kwa kawaida kisanduku hicho hujazwa mwishoni kabisa, baada ya nguvu zote kumalizikia kwenye maelezo binafsi na maandalizi ya mtihani wa udahili.

Ushauri ambao mwombaji husikia mara nyingi, kutoka kwa walimu na hata kwa maofisa wa udahili, ni kwamba asijisumbue sana na kisanduku hicho. Ushauri huo una misingi. Mihadhara, maabara, mitihani na shahada ni vya chuo kikuu kizima. Koleji hazikugawanywa kwa fani kama zilivyo ndaki za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam; mwanafunzi wa fizikia na wa historia hulala ukumbi mmoja, hula meza moja, na kila mmoja huenda kusomea kwenye idara yake. Mwombaji hodari ambaye koleji yake imejaa hatupwi: Cambridge humwingiza katika kapu la pamoja la mwezi Januari, ambamo koleji nyingine huweza kumchukua, na mamia hupata nafasi kwa njia hiyo kila mwaka. Oxford huhamisha waombaji kati ya koleji wakati wa kuwachuja na kuwasaili, hata karibu theluthi moja ya wanaofanikiwa hupewa nafasi na koleji ambayo hawakuitaja.

Ushauri huu unawajibu vizuri sana wale wanaochagua koleji kwa hila. Hao hukaa na majedwali ya udahili wakitafuta koleji yenye waombaji wachache kwa kila nafasi, wakiamini wameuona mlango wa uani. Koleji moja huweza kuchukua wanafunzi watatu au wanne tu katika somo fulani. Waombaji sita wakiongezeka mwaka huu, uwiano wote unageuka, na jedwali la mwaka jana halikuweza kulitabiri hilo. Zaidi ya hapo, uhamishaji wa waombaji uliwekwa makusudi ili koleji iliyoombwa isiamue nani aingie na nani aachwe. Hapo sina ubishi na washauri.

Kosa lao ni kuchukua jibu la swali moja na kulifanya jibu la swali jingine. Koleji haikusaidii kuingia, naam, lakini ukishaingia ndiyo itakayokuwa mwenye nyumba wako, mpishi wako na mkopeshaji wako wa dharura kwa miaka 3 au zaidi. Ndiyo pia itakayokupangia masomo ya ana kwa ana na mwalimu, ambayo ndiyo sifa kuu ya vyuo hivi viwili. Nani basi ana haki ya kumwambia mwombaji kwamba hayo hayana uzito?

Tuitazame kalenda. Mihula ni mitatu, kila mmoja wiki 8, jumla wiki 24. Mwaka una wiki 52. Katika koleji nyingi mkataba wa chumba cha mwanafunzi wa shahada ya kwanza hufuata mihula hiyo; muhula ukiisha hutakiwa kukabidhi chumba, mara nyingi kikiwa kitupu kabisa, kwa sababu koleji hukodisha vyumba kwa wageni wa mikutano na wa mapumziko, na fedha hiyo huihitaji. Kwa kijana ambaye wazazi wake wako mwendo wa saa tatu kwa gari, hili ni usumbufu wa mchana mmoja: masanduku yanapakiwa, mlango unafungwa, basi. Kwa aliyetoka Morogoro au Kisumu ni wiki 28 ambazo hajui atalala wapi wala duveti na vitabu vyake ataviweka kwa nani. Likizo ya Krismasi na ya Pasaka kila moja hukaribia wiki sita, na katika hizo Uingereza yote iko kwenye baridi na nauli za ndege ziko juu.

Hata aliyepata ufadhili hajaepuka hesabu hii. Ufadhili wa Reach Oxford, unaolenga wanafunzi wa shahada ya kwanza kutoka nchi zenye kipato cha chini, hulipa ada na gharama za kuishi pamoja na tiketi moja ya kwenda na kurudi kwa mwaka. Moja. Likizo ni tatu. Kwa hiyo mfadhiliwa huyo, isipokuwa ana fedha zake, atakaa Oxford angalau likizo mbili kila mwaka, na hapo ndipo tofauti ya koleji na koleji inapoonekana: kuna zinazowaruhusu wanafunzi wa kigeni kubaki na kuwapa stoo ya kuhifadhi mizigo, kuna zinazowahamishia jengo jingine, na kuna zinazotoza kwa usiku. Tovuti za udahili hutanguliza picha za bustani na maktaba. Masharti ya chumba cha likizo mara nyingi yamo katika kijitabu cha malazi ambacho mwombaji hajui hata kama kipo.

Kwa Cambridge kuna jambo la pili. Mwanafunzi wa kigeni hulipa ada ya chuo kikuu, na juu yake ada ya koleji ambayo ni maelfu ya pauni kwa mwaka na haifanani kutoka koleji moja hadi nyingine. Oxford ada ya masomo ni ileile popote ulipo, ila kodi za vyumba, bei za chakula na mifuko ya kuwakwamua wenye shida hutofautiana, na si ajabu: St John's ya Oxford na Trinity ya Cambridge zina mali iliyokusanywa tangu karne ya 16, huku nyingine zikiishi kwa kubana. Umbali nao umo. Koleji ya Girton iko kiasi cha kilomita 4 kutoka katikati ya Cambridge, na anayeandika 9 anaweza kupelekwa huko bila kuulizwa kama anajua kuendesha baiskeli.

Pingamizi zito ni lile la theluthi moja: kwa nini kuhangaika kuchagua, ikiwa huenda ukahamishwa? Takwimu hii hupenda kutajwa kwa upande mmoja tu. Ikiwa theluthi moja wamepewa na koleji wasiyoitaja, theluthi mbili wamepewa na koleji waliyoitaja. Na katika ile theluthi moja, takwimu haisemi ni wangapi hawakutaja koleji yoyote tangu mwanzo, ambao hakuna chaguo lao lililopuuzwa. Chaguo linaloheshimiwa mara mbili kati ya tatu si bahati nasibu. Kuna mambo mengi maishani tunayoyapanga kwa uhakika mdogo kuliko huo.

Nakubali kwamba wapo ambao 9 inawafaa. Mwanafunzi anayetoka Leeds, hukohuko Uingereza, mwenye chumba chake nyumbani, asiyejali kama jengo ni la mwaka 1500 au 1960, hapotezi kitu, na pengine anaokoa wiki mbili za kusoma. Anayetoka mbali na mwenye fedha za kuhesabu atumie wiki hizo mbili kuandikia barua pepe koleji tatu au nne, baada ya kuhakikisha kwamba zinafundisha somo lake, kwa kuwa si zote zinazofundisha kila somo. Aulize mkataba wa chumba ni wa wiki ngapi katika mwaka wa kwanza na katika miaka inayofuata, likizo hutozwa kiasi gani kwa usiku, kama kuna stoo ya wanafunzi wa kigeni, na kama jiko huwa wazi ukumbi wa chakula unapofungwa. Maofisa wa udahili hujibu maswali haya, na anayeyauliza Agosti ana muda wa kulinganisha majibu kabla ya Oktoba.