Tukienda kuisaidia Kongo vitani twende kamili, la sivyo tusiende kabisa

Mwishoni mwa Aprili 2025 msafara wa kwanza wa askari na magari ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ulitoka Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, ukavuka mpaka, ukapita ndani ya Rwanda mpaka Chato, huku kwetu Tanzania. Hebu fikirieni hiyo safari. Hili ni jeshi lililopelekwa kuisaidia Kongo dhidi ya M23, kundi la waasi ambalo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika ripoti baada ya ripoti kwamba Rwanda inalisaidia kwa askari na silaha, alafu njia ya kurudi nyumbani ikawa ni hiyohiyo Rwanda. Kabla ya hapo walikaa miezi kama mitatu wamezingirwa kambini Goma na Sake, uwanja wa ndege umefungwa, na M23 ndio wenye mji.

Kiukweli hilo jambo liliniuma na bado linaniuma, na ndio maana naandika. Maana kila ukigusa hii mada watu wanagawanyika mara mbili tu, wa kwanza wanasema vita ya Kongo ni ya Wakongo tuwaache wenyewe, wa pili wanasema jirani kavamiwa lazima twende. Mimi niko na hawa wa pili, ila nina masharti, na masharti yangu ni mazito.

Sisi Watanzania tulishavamiwa. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakaua, yakapora, daraja la Kyaka likalipuliwa. OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, haikutaka hata kumkemea Amin waziwazi, walichotaka ni tukae tuyamalize. Msumbiji, nchi yenye uhuru wa miaka mitatu tu na yenyewe ina vita yake na Rhodesia, walituletea askari. Kwahiyo mtu akiniambia nchi rafiki haina haki ya kuingia kwenye vita ya mwenzake anayejilinda, mi namuuliza Msumbiji walikosea nini? Na Mwalimu siku ile alisema maneno ambayo kila mmoja wetu anayajua, uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Huo ndio mtihani ninaotaka kila safari ya jeshi letu nje ya nchi ipimwe nao.

Sababu ilikuwepo, hapo sina ugomvi na SADC. Kuna mkataba wa kulindana uliosainiwa hapahapa Dar es Salaam 2003, Kongo ni mwanachama, Kongo iliomba msaada. Kigali wao wanasema wanajilinda na FDLR, waasi wa Kihutu wa Rwanda walioko Kongo, na hofu hiyo siidharau, baadhi ya waanzilishi wa FDLR walihusika na mauaji ya kimbari ya 1994, hilo si la kuchezea. Lakini kujilinda na FDLR hakukupi ruhusa ya kushika Goma na Bukavu na machimbo ya madini ya koltani ya Rubaya, na Februari 2025 Baraza la Usalama kwa azimio 2773 liliitaka Rwanda iondoe askari wake Kongo. Basi. Kuhusu nani kavamiwa, mimi naona pameshaeleweka.

Shida ni uwezo na nia.

Kuhusu uwezo tuangalie 2013, maana watu wamesahau kwamba M23 hawahawa walishapigwa wakaisha. Novemba 2012 waliichukua Goma mbele ya macho ya MONUSCO, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, dunia ikaona aibu, Machi 2013 Baraza la Usalama likaunda ile brigedi ya kujibu mashambulizi, FIB, askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, idadi ya juu 3,069, kamanda wa kwanza Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa JWTZ. Walikuwa na ruhusa ya kushambulia, sio kukaa getini kuhesabu magari. Walikuwa na mizinga, walikuwa na zile helikopta za kivita za Afrika Kusini, Rooivalk, na jeshi la Kongo wakati ule lilikuwa mbele linapigana kweli. Na nje ya uwanja wa vita wafadhili kama Uingereza na Ujerumani walisimamisha sehemu ya misaada kwa Rwanda. Tarehe 5 Novemba 2013 M23 wakatangaza wameacha vita, kamanda wao Sultani Makenga akakimbilia Uganda. Tulipoteza vijana wetu pale, sitaki kusema ilikuwa bure au rahisi, ila kazi ilifanyika.

Sasa ona ya pili. Kundi likafufuka mwisho wa 2021, wa kwanza kuja wakawa jeshi la EAC, Jumuiya ya Afrika Mashariki, Novemba 2022, Kenya wakitangulia, jeshi ambalo Kinshasa ilidhani linakuja kupigana na lenyewe likasema limekuja kusimama katikati, wananchi wa Goma wakaandamana kulipinga, na Desemba 2023 likafungasha. Mwezi huohuo ikaingia misheni ya SADC iitwayo SAMIDRC, nchi zilezile tatu za 2013, watu wakapata matumaini. Lakini safari hii hakuna Rooivalk angani, Afrika Kusini ilitangaza askari 2,900 na waliofika hawakutimia, na upande wa pili si wale waasi wa 2013 tena, ripoti ya UN ya 2024 ilikadiria askari wa Rwanda 3,000 mpaka 4,000 ndani ya Kongo, wana mitambo ya kudungua ndege. Unampeleka kijana wa Songea au wa Lilongwe pale na bunduki na gari la deraya anakabili hilo, alafu unategemea nini? Januari 2025 Goma ikaanguka. Afrika Kusini ilizika askari 14, Malawi watatu, na JWTZ lilitangaza wawili wamefariki. Machi 13 SADC wakafuta misheni.

Nia ndio inanikera zaidi. Kwa miezi yote ile viongozi wetu walikuwa wanaiita kazi ya kulinda amani. Amani gani, mbona hapakuwa na amani ya kulinda? Kagame alisema SAMIDRC si walinda amani bali ni upande mmoja wa vita, na japo sikubaliani naye kwa mengi, kwa hilo alisema kweli, na ilitakiwa sisi tusikie kutoka kwa serikali zetu kwanza. Ukiiita vita kwa jina lake unapeleka vifaa vya vita, unapanga njia ya kuingiza chakula na kutoa majeruhi uwanja wa ndege ukifungwa, unawaambia wazazi. Ukiiita amani unapeleka watu wachache unaomba Mungu. Tena Tanzania tuko SADC na tuko EAC, Rwanda ni mwenzetu EAC, biashara tunafanya nao, kwahiyo mkono mmoja ulikuwa umeshika bunduki na mwingine unasalimiana. Kama hatuko tayari kugombana na Kigali mezani, kwanini tumpeleke askari akagombane nao porini?

Na mwenye vita yake naye aulizwe. Kinshasa ilikodi mamluki wa Romania, karibu 300, wakaja kujisalimisha Goma ilipoanguka wakavushwa Rwanda wapande ndege warudi kwao, huku askari wa Kongo mwenyewe analipwa kidogo mno na mshahara wake unapita mikono mingi kabla haujamfikia. Ni Februari 2025, Goma imeshaenda, ndio Rais Tshisekedi anaagiza mishahara iongezwe. Mwaka 1998 Zimbabwe, Angola na Namibia waliiokoa Kinshasa kweli, waliingia na ndege na vifaru na walijua wanapigana na nani, lakini vita iliendelea miaka mingine na uchumi wa Zimbabwe uliumia sana, kwasababu mgeni anaweza kuzuia mji usianguke, hawezi kukujengea jeshi lako.

Desemba 2025 M23 wakaingia Uvira, siku chache tu baada ya marais wa Kongo na Rwanda kusaini makubaliano ya amani Washington. Uvira iko Ziwa Tanganyika, ziwa letu, na Kigoma tumepokea wakimbizi wa Kongo tangu miaka ya 90, Nyarugusu bado ipo. Kwahiyo hili swali litarudi mezani, msidhani limeisha. Likirudi nataka Waziri wa Ulinzi asimame bungeni kabla ndege haijaruka, aseme tunapigana na nani, tuna ndege gani za kuwalinda vijana wetu, njia ya kutoka ni ipi pasipo kuomba ruhusa ya adui, na tumeambiana nini na Kigali. Akishindwa kujibu hata moja, askari wabaki kambini.