Kochi la Shangazi

Shangazi yangu ana msimamo mmoja kuhusu fanicha: kitu kisichobonyea si cha kumkalisha mgeni. Basi tulipopata habari kwamba washenga wanakuja Kigamboni kumposa mdogo wangu, na kwa kuwa sebule yetu imejaa makabati ya vyombo wangeketi kibarazani, akafunga safari ya Keko yeye mwenyewe. Mimi nilichukuliwa kwa ajili ya kubeba.

Fundi tuliyemkuta alikuwa mtu wa haki. Alituonyesha benchi la msaji, mbao za Longuza kule Muheza, akaeleza kwamba mti ule una mafuta yake ya asili ndiyo maana mvua na mchwa hupata taabu nao. Kikalio chake kilikuwa vibao vilivyoachiana nafasi ya kidole, maji yakimwagika yanapita moja kwa moja hadi chini. Shangazi akalibonyeza kwa dole gumba. Halikubonyea. Akasonga mbele.

Vilifuata viti vya chuma vyenye maua ya kukunja. Hapo nikathubutu kusema neno: nyumba yetu iko karibu na bahari, upepo wa chumvi umeshalila geti mpaka tunalifunga kwa kamba. "Bora hata aluminiamu," nikasema, "haishiki kutu."

"Ile ya madirisha?" Shangazi akauliza, na mjadala ukafungwa.

Alichokipenda kilikuwa kochi la velveti, rangi ya damu ya mzee, pana, limetuna kila upande. Fundi akajikuna kichwa. "Mama, hili la sebuleni. Ndani nimeweka sponji ya godoro, na chini nimepiga plaiwudi. Likinywa maji halina pa kuyatemea."

"Mwanangu," Shangazi akamjibu, "kibaraza chetu kina bati."

Bati lipo, sikatai. Ila kibaraza kinatazama baharini, na hiyo ilikuwa masika, upepo wa kusi umeshaanza. Mvua ya namna hiyo haishuki kutoka juu. Inaingia kwa ubavu, kama jirani asiyejua hodi. Usiku wa kuamkia posa ilipiga mpaka alfajiri.

Kulipokucha jua likawaka. Shangazi akafuta velveti kwa taulo, akapitisha kiganja huku na huku, akatangaza kwamba ni kavu. Juu palikuwa pakavu kweli. Maji yote yalikuwa yameshuka kwenye sponji, yametulia juu ya plaiwudi, yanangoja uzito.

Uzito ulifika baada ya Alasiri, kanzu nyeupe pee. Kwenye kochi waliketi mshenga, mjomba wa bwana harusi, na babu mmoja mkongwe kuliko wote. Kochi likatoa mlio mdogo, chwii. Mshenga, aliyekuwa katikati ya salamu ndefu, akanyamaza. Mjomba akageukia kulia. Babu akainua macho kwenye bati, midomo ikichezacheza.

Baadaye ndipo tulipojua kwamba kila mmoja wao alidhani ni yeye.

Baba mkubwa, msemaji wetu, hakuona kitu. Akataja mahari kubwa mno, maana desturi ni kuanza juu ili ushushwe taratibu. Mshenga akajibu, "Sawa." Baba mkubwa akapepesa macho. Hakuna aliyemshusha, akabaki ananing'inia hukohuko juu. Akataja mkaja wa mama. "Tunatoa." Kilemba. "Tunatoa." Kifungua mlango. "Tunatoa, Sheikh, tunatoa vyote." Mshenga alikuwa akitoka jasho, magoti ameyabana, mkono ukipapasa kanzu kwa nyuma.

Shangazi, aliyekuwa nyuma ya pazia, akanusa biashara.

"Na kitenge cha shangazi!"

"Tunatoa."

Kimya kidogo. "Na friji!"

"Tunatoa."

Niliona aibu, nikawakaribisha ndani, mkeka umetandikwa na pilau inafuka. Hakuna aliyejitikisa. Mjomba akasema upepo wa hapa ni mzuri. Mshenga akaunga mkono, upepo mzuri sana, wala njaa hawana. Babu peke yake aliomba aletewe sahani pale pale, na kama upo, mto wa kuweka mapajani.

Wangekaa hivyo hadi Magharibi kama si mwanangu aliyekuwa akifukuza mpira. Mpira ukaingia uvunguni, naye akafuata kwa tumbo. Akatoka na shati limelowa, akapiga kelele mtaa mzima usikie:

"Bibi! Kochi linakojoa!"

Babu akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ambayo hakuwa nayo alipokuja, akasimama kabla ya vijana. Wote wakasimama. Nyuma ya kila kanzu palikuwa na duara kubwa la damu ya mzee, maana velveti ile ilichuja rangi bila kubagua.

Tukawapa vikoi vyangu, kanzu zikapanda kamba ya nguo, na jirani akatuazima viti vyake vya plastiki, vile vyenye vitundu kwenye kikalio. Mshenga alikipapasa chake kwanza, akachungulia na chini, ndipo akaketi. Akanywa chai. Rangi ikamrudia usoni.

"Haya, Sheikh," akamgeukia Baba mkubwa, "sasa tuanze upya. Ile friji ilikuwa ya nani?"