Sikumwangukia Mwalimu

Kabla hamjaendelea kunitumia vikatuni vya kucheka: sikumwangukia mwalimu. Besti yangu ndiye aliyesambaza hilo kwenye makundi yote aliyomo, na hata hakuwepo. Kama kuna mtu aliangukiwa siku ile, ni mimi.

Mnaonifuata mnajua nilivyowachosha na habari za kutafuta darasa la baleti. Lilikuwa la mtoto wa kaka yangu, mimi nilijiongeza tu. Mji mzima niliuzunguka kama mkaguzi. Sehemu moja walitaka kumvalisha binti wa miaka 7 vile viatu vya kusimamia ncha za vidole, nikamshika mkono tukaondoka. Mifupa ya mguu wa mtoto wa umri ule haijakomaa. Walimu wanaojua kazi husubiri afike kama miaka 11 au 12, tena awe ameshajenga nguvu. Pengine nikakuta vigae juu ya zege, unaruka wewe magoti yanalipa. Hatimaye nikapata hapa: sakafu ya mbao iliyoachiwa nafasi chini yake, ukiikanyaga inanepa, watoto wanaanza, watu wazima wanafuata. Niliirukiaruka ile sakafu mbele ya mwalimu, nikaisifia sana. Hilo la sakafu lishikeni.

Sasa siku yenyewe. Watoto wamemaliza, wazazi wamejaa mlangoni, na mimi kwa mdomo wangu huu nawapa mhadhara. Kwamba Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alianzisha chuo cha densi mwaka 1661. Kwamba Pierre Beauchamp ndiye anayesifiwa kwa kuipanga ile mikao mitano ya miguu. Kwamba kugeuza miguu nje kunaanzia kwenye nyonga, ukilazimisha magoti utayaua. Mama mmoja akaniuliza nimecheza miaka mingapi. Nikatabasamu. Jamani, lile tabasamu linaniuma kuliko kiuno.

Tukaingia. Vyuma vya kushikia vya ukutani vilishajaa, nikapangwa kwenye kile cha kuhamishika, kinachowekwa katikati ya ukumbi. Upande wa pili wa chuma kulikuwa na mzee mmoja mpole, mgeni kama mimi. Nikasikia kutoka mlangoni, "Shangazi, hicho usikiegemee!" Nikampungia mkono.

Mwalimu akatangaza plié kubwa, yaani kukunja magoti mpaka chini, katika mkao wa kwanza. Visigino vimegusana, vidole vinatazama nje, unashuka kwa hesabu nne, magoti yanafuata vidole, ukikaribia chini visigino vinanyanyuka, halafu unapanda kwa nne. Mkono uwe mwepesi juu ya chuma, akasema, kama unamgusa mtoto aliyelala.

Moja. Kwenye kioo namwona mwanamke mwenye shingo ndefu, nikampenda. Mbili. Goti la kushoto likatoa mlio, mzee akaangalia pembeni kwa adabu. Tatu. Visigino juu. Nne, niko chini kabisa, makalio yamebakiza shubiri moja yafike sakafuni, na piano ikaanza kupanda.

Ikapanda peke yake.

Mapaja yaligoma. Yaligoma kimyakimya, bila hata notisi. Mkono wa pili ukaja juu ya chuma bila kutumwa, na yule mtoto aliyelala nikamvuta kwa nguvu zote nilizojaliwa. Nikaona miguu ya chuma upande wa mzee inaachana na sakafu, taratibu. Nikamwona mzee mwenyewe amenyanyuka kwenye vidole vyake, bado ameshikilia, uso wake hauna lawama, una swali tu. Nikamwambia, "Samahani mzee." Nililisema hilo kabla hatujaanguka, muda ulikuwepo. Halafu nikakaa, nikalala chali, chuma kikaja, na mzee akaja juu ya chuma.

Sakafu ikanepa. Nilisema ni sakafu nzuri.

Piano ilikuwa ya kurekodiwa kwa hiyo iliendelea, na wenzetu wawili kule ukutani waliendelea nayo, Mungu anawaona. Mlangoni watoto wakapiga makofi, maana wamezoeshwa kumshangilia mwalimu kila kipindi kikiisha. Katikati ya makofi nikaisikia sauti ninayoilipia ada ikiwaeleza wenzake: "Kile ni cha kugusa tu. Sisi tulifundishwa leo."

Yaliyofuata ni barafu, pole nyingi, na mzee aliyecheka mpaka akakohoa. Yuko salama, aliyeandika kwamba amelazwa afute. Mimi nakaa kwa ubavu. Yule mama wa swali tumepishana tena kwenye ngazi, hakuuliza kitu.

Na ndiyo, narudi, ada yao hairudishwi. Mwalimu amenihamishia ukutani, kwenye chuma kilichopigwa skrubu, na nilimwona kabisa akizikagua skrubu zenyewe. Mzee ameomba ukuta wa mbali. Kwa hiyo anayetaka darasa la watu wazima aniandikie nimwelekeze, pale katikati kuna nafasi mbili.