Jogoo kwenye boneti ya baba mkwe

Ile sauti inayozunguka kwenye magrupu ya Moshi, ya fundi umeme wa magari anayecheka mpaka anakohoa, eti majogoo watatu walivamia boneti niliyokuwa napulizia nikalia machozi, ina chumvi nyingi. Jogoo alikuwa mmoja. Si watatu. Na machozi yale ni hadina, ile dawa ya kugandisha klia, ilinipalia, muulize fundi rangi yeyote.

Gari ni ya baba mkwe, Toyota Mark II, damu ya mzee. Jua lilishaibandua klia ya boneti, ule mng'ao unaopulizwa juu ya rangi, mpaka ikaota mabaka meupe. Jumapili kuna kipaimara cha mjukuu, Kibosho. Mzee akasema, "Baba, nasikia wewe ni fundi." Mkwe akishakuita baba, habari ya bei imeisha hapo.

Msasa nikapiga, rangi nikapuliza, ikakauka. Klia nikachukua ile ya pakiti mbili, vipimo viwili vya klia kwa kimoja cha hadina. Waliowahi kuishika wanajua: hadina ikishaingia humo, hakuna cha "ngoja ninywe chai". Na siku yenyewe ilikuwa imekaa vizuri. Mvua ya mchana imekata, jua limetoka, mlima umefunguka, vumbi lote la mtaa wa Pasua limelala. Sisi tunaopulizia nje chini ya mwembe siku kama hizo tunaziombea.

Mkono wa kwanza wa klia, safi. Nikangoja kama dakika kumi, nikagusa gazeti la kuzibia pembeni, ikavuta uzi kidogo kwenye kidole. Ndiyo yenyewe. Mkono wa pili nikaupiga mzito, taratibu. Ikajilaza, hakuna chozi la kutiririka, hakuna vipele vya ganda la chungwa. Nikajiona mle ndani na barakoa yangu ya vichujio, nikajipenda.

Akatua kumbikumbi.

Mmoja. Nikaleta kibano, nikamshika bawa. Bawa likabaki mkononi, mwili ukaanza safari kwenye klia mbichi, unachora barabara. Akaja wa pili. Nikainua macho: pale chini ya ukuta ardhi imepasuka, wanamiminika, na wote wanaitaka boneti ya mzee. Nikafanya anachofanya mtu mwenye akili zake, nikapunga mikono na kupiga kelele.

Sasa hapa msikimbilie mbele. Kelele zile ndizo zilizomwita jogoo wa mama lishe. Mnaokula pale mnamjua, yule mwekundu mwenye dharau. Akasimama mbele ya bampa. Akainua jicho moja. Nikamwambia, "Usithubutu." Akageuza kichwa, akanitazama na lile jicho la pili. Nikaona magoti yanakunjwa. Jamani, niliyaona yanakunjwa! Akaruka.

Akatua katikati ya boneti, miguu ikamtoka. Akateleza mpaka karibu na kioo, kucha zinaburuta klia, mabawa yamefunguka yanatafuta breki, mkia unapiga deki nyuma yake. Nikajua akisimama atashuka. Aliposimama, akadonoa. Ko. Kumbikumbi mmoja. Ko. Mwingine. Kila akidonoa, kanabaki kashimo. Nimkamate? Nitaegemea boneti. Nimfukuze kwa upepo wa kompresa? Bunduki ya kupulizia bado ina klia.

Nilimfukuza kwa upepo wa kompresa. Ndiyo maana mkia unang'aa.

Fundi umeme muda wote huo amekaa juu ya tairi, chapati mkononi. Msaada wake ulikuwa neno moja: "Mshike!"

Mengine ni mafupi. Kesho yake nikaingia na msasa wa maji namba 1500, tope likawa linatoka jeupe, nikapata moyo. Nilipofika pale jogoo alipofunga breki, tope likageuka jekundu. Klia imeisha, nakula rangi. Nikarudia boneti nzima, ndani, mlango umefungwa. Kipaimara gari ilifika inawaka. Mzee akanishika bega mbele ya ukoo mzima: "Baba, ile sauti tumeisikia. Yule mwenzako wa boneti hukuja naye?"

Aliyebaki na kesi ni mama lishe. Anasema jogoo aliyekula kumbikumbi wa hadina hawezi kumpikia mteja, nimlipe. Nimelipa. Sasa yupo kwangu uani, mkia mgumu, haukunjiki, na anawika saa tisa usiku. Anayetaka jogoo wa mapambo aje inbox, bei tutaongea. Si wa kula, nisije nikaitwa polisi.