Hewa ya Arusha iandikwe kama ya Arusha

Juzi nilihudhuria wasilisho la kijana wa uzamili hapa mjini. Anaiga kwa kompyuta plazma baridi, yaani gesi ambayo umeme umeng'oa elektroni kwenye baadhi ya molekuli zake, ile inayopulizwa kwenye mbegu za maharage kuua ukungu kabla ya kupanda. Kazi nzuri, na kijana anaijua. Nikamwomba afungue faili la maelekezo tuone gesi ameiwekaje. Mgandamizo: paskali 101325. Nikamuuliza namba hiyo ameitoa wapi.

"Faili lilikuja hivyo, mwalimu."

Jibu la mwanafunzi, halikuniudhi. Kilichoniudhi ni mkubwa mmoja aliyekaa mbele, aliyemdakia na kusema, "Hiyo huwa haiguswi."

Haiguswi kwa nini? Hiyo ni hewa ya usawa wa bahari. Ni ya Tanga, ya Dar, ya Zanzibar. Sisi tuko mita kama 1,400 juu, na barometa yoyote nzima hapa Arusha itakusomea karibu na paskali 86,000. Mrija wa kijana huyu uko wazi, unapuliza katika hewa ya chumba kilekile tulichokaa. Gawanya mgandamizo kwa namba isiyobadilika ya Boltzmann mara jotoridi, kwa kelvini 300: pwani unapata molekuli 2.45×10²⁵ kwa kila mita ya ujazo, huku kwetu unapata kama 2.08×10²⁵. Tumepungukiwa na karibu asilimia 15 ya gesi, na mtu mzima anasema haiguswi.

Nitalisema hili kwa urefu kwa sababu ndilo linalobeba mengine yote. Katika simulesheni ya namna hii gesi haifuatwi chembe kwa chembe. Inachukuliwa kuwa imetanda, imetulia, na programu inarusha bahati nasibu kila hatua: elektroni hii imegonga au haijagonga? Jibu linatoka kwenye msongamano wa gesi (molekuli ngapi kwa kila mita ya ujazo), mwendo wa elektroni, na eneo la mgongano, yaani ukubwa wa shabaha ambayo molekuli inaionyesha kwa elektroni yenye nishati hiyo. Ukikosea msongamano umekosea kila mgongano, kuanzia elektroni ya kwanza mpaka ya mwisho. Tena kosa halibaki asilimia 15. Volti ni zilezile na nafasi kati ya bamba na bamba zinazobeba volti hizo ni ileile, lakini gesi imepungua, kwa hiyo uga wa umeme kwa kila molekuli unapanda kwa karibu asilimia 18. Ni kama sokoni Kilombero: watu wakipungua, anayekatiza mbio anakazana zaidi kabla hajamgonga mtu. Elektroni inayofika na nishati ndogo inagonga na kupita. Ikifika na elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) 12 na ushee inang'oa elektroni kwenye oksijeni, na kwa naitrojeni inahitaji 15.6. Ni elektroni chache zinazofikia kiwango hicho, na idadi yao hubadilika kwa kasi kubwa uga ukiongezeka kidogo tu. Kwa hiyo uzalishaji wa ayoni, yaani molekuli zilizong'olewa elektroni, unaruka kuliko unavyodhani, na plazma ya kwenye skrini inakuwa si ile iliyo mezani.

Mafundi wa umeme wa msongo mkubwa wanalijua hili siku nyingi. Vifaa vyao kwa kawaida hukadiriwa kwa mwinuko usiozidi mita 1,000. Ukizidi hapo hewa inashindwa kuzuia cheche mapema, na lazima uongeze nafasi. Moshi mjini bado wako chini ya mstari huo, Arusha tumeshauvuka. Fundi anayepanda nguzo anaiheshimu hewa ya hapa. Sisi wenye shahada ndio tunaoiandika kama ya Kigamboni.

Haya, nakubali moja. Kama una chemba iliyofungwa, umevuta hewa yote nje na kuingiza arigoni mpaka geji isome paskali 5, mwinuko haukuhusu. Paskali 5 ni paskali 5 popote. Lakini hata hapo usiandike kelvini 300 kwa mazoea: gesi ikipata joto ikafika 400 kwa mgandamizo uleule, robo nzima ya molekuli imeondoka.

Mengine nayataja kwa haraka. Hewa si naitrojeni tupu. Ukiiacha oksijeni umeacha chembe inayozikamata elektroni na kuzigeuza ayoni hasi. Hatua ya muda, yaani kipande cha muda ambacho programu inasonga kwa mara moja, iwe fupi kiasi kwamba uwezekano wa kugongana katika hatua moja usivuke 0.1, na kwenye hewa wazi, ambako elektroni inagonga kwa kiwango cha mara trilioni kwa sekunde, hiyo ni hatua fupi sana. Na mnaochukua majedwali ya LXCat, hazina ya mtandaoni ya maeneo ya mgongano, someni kichwa cha jedwali: lile la jumla tayari limebeba upotevu wa nishati wa kusisimua molekuli na kuayonisha (kuing'oa elektroni), ukiliweka kama mgongano wa kawaida kisha ukaongeza hayo tena, umehesabu mara mbili.

Kuna njia ya kujipima pia. Turner na wenzake, watafiti wa simulesheni za plazma, walitoa mwaka 2013 mifano minne ya kujipimia ya heliamu (gesi ileile tunayosikia iko Rukwa), pengo la sentimita 6.7, megahezi 13.56, kila kitu kimeandikwa: msongamano, volti, hatua ya muda. Programu kadhaa zilizoandikwa na watu tofauti zilitoa jibu moja. Mfano wa kwanza unaendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida. Atakayeniletea tasnifu ya plazma nitataka kwanza kuona huo umetoka sawa.

Na ninaomba jambo dogo kwa wakuu wa idara. Nunueni barometa, itundikwe ndani ya maabara, na kila jaribio liandikwe na mgandamizo wa siku hiyo pamoja na joto la chumba. Kijana yule nilimkuta jana ameshabadilisha mstari wake na anaendesha upya kuanzia mwanzo, wiki mbili kabla ya kukabidhi, wakati kuna mtu alipaswa kumwambia tangu mwaka jana.