Kampuni Tanzu Iliyomlisha Mama Yake

Habari za Thomas Edison na umeme karibu zote hutupeleka Pearl Street, New York, tarehe 4 Septemba 1882, siku kituo cha kuzalisha umeme kilipowashwa na taa zikawaka maofisini. Siku ile ilikuwa kubwa, sibishi. Kinachoniudhi ni kusahauliwa kwa kampuni iliyokuwa ikiuza mwanga wakati mitaro ya nyaya za kituo hicho bado inachimbwa.

Edison Company for Isolated Lighting iliundwa Novemba 1881, chini ya Edison Electric Light Company, kampuni mama iliyoshika hataza, yaani haki za kisheria za uvumbuzi wake. Kazi yake ilikuwa kumfungia mteja mtambo wake mwenyewe, kuanzia dainamo, yaani mashine ya kuzalisha umeme, hadi taa, palepale kiwandani. Mwenye kiwanda cha nguo tayari alikuwa na boila ya mvuke wa kuzungusha dainamo na watu wa zamu ya usiku, na aliishi kwa hofu ya mwali wa gesi kushika pamba. Mtu wa namna hiyo hakuhitaji kubembelezwa.

Mitambo hiyo ilikuwa na adha zake. J. P. Morgan, tajiri mwenye benki, alifungiwa wa kwake nyumbani, Madison Avenue, New York, mwaka 1882. Fundi alifika kila alasiri kupandisha mvuke, na alipomaliza zamu saa 5 usiku taa zilizimika, wageni wawepo wasiwepo. Jirani alilalamika kuwa nyumba yake inatikisika, ikabidi mashine iwekewe mpira chini.

Hata hivyo mitambo ya aina hii iliuzwa kwa mamia, huku Pearl Street ikienda kwa hasara hadi 1884. Halafu mwaka 1886 kampuni mama ikaimeza kampuni tanzu, na jina likaishia hapo.

Kibiashara naelewa. Kiwanda kikishakuwa na dainamo yake, kituo cha mji kimepoteza mteja mnono, na haina maana kampuni mbili zenye hataza zilezile kugombania mlango mmoja. Ningekuwa kwenye bodi ningeunga mkono. Ila kuifunga kampuni hakuhalalishi kuifutia sifa. Wafanyakazi wengi wa viwandani waliifahamu taa ya Edison ikiwa imening'inia juu ya mashine zao, maelfu yao wasiwahi kufika New York. Anayeandika historia ya umeme aanzie kwao, Pearl Street ifuate.